Tukusubiri, Tusikusubiri

Mama mmoja wa Kisesa alizikwa Ijumaa, na mwanawe wa kwanza akatua uwanja wa ndege wa Mwanza Jumapili, amevaa suti nyeusi, akamuuliza dereva wa teksi kama watawahi mazishi. Alikuwa na hakika kwamba anasubiriwa. Ndugu zake walikuwa na hakika kwamba amewaambia wasimsubiri. Wote walitegemea neno moja, "ndiyo", alilolisema kwa simu Jumatano iliyotangulia. Neno hilo nililisikia mwenyewe, kwa sababu lilitoka kwenye spika mbili ndogo zilizokuwa juu ya meza yangu ya kazi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mhudumu katika duka la simu, faksi na fotokopi katikati ya mji. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa mtaa uleule, na Kisukuma chake kiliwashangaza wateja waliotoka vijijini. Tulikuwa na laini mbili. Mteja alinipa namba, nikapiga, naye akaingia kwenye kibanda cha mbao na kufunga mlango. Walikuja watu wa viwanda vya minofu ya samaki, wanunuzi wa pamba, na wenye ndugu nje ya nchi. Kisha zikaingia simu za mkononi, na wenye uwezo wakaacha kuja kwetu kupiga Dar. Tukabaki na wapigaji wa simu za nje, ambao walilalamikia bei na kuongea huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

Mama mwenye duka akaenda Dar, akarudi na kompyuta na fundi wa kuifunga. Kuanzia hapo simu zote za nje zingepitia kwenye intaneti, kwa bei ambayo mwanzoni wateja hawakuiamini. Ili asiingie gharama mara mbili, aliirudisha laini ya pili kwa kampuni ya simu. Iliyobaki ikafanya kazi zote. Kompyuta ilipokuwa inaitumia, aliyetupigia kutoka nje alikuta namba inatumika. Kama simu za namna hiyo zilikuwa zinaruhusiwa au la, hatukumpata mtu wa kutuambia.

Wateja waliiita simu ya upepo, jina la zile redio za misheni na za makampuni ya malori. Halikuwa jina baya. Sauti iliondoka, ikakawia njiani, na jibu nalo likakawia kurudi. Asiyejua alidhani hajasikika, akarudia, na maneno yakagongana. Aliyeimudu kuliko wote alikuwa mnunuzi mmoja wa pamba, mtu mzima aliyezoea redio, ambaye alimaliza kila sentensi kwa "ova", yaani zamu yako, na kunyamaza. Hata alipompigia binti yake alimsalimu hivyo: "Hujambo mwanangu, ova." Waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini maongezi yake hayakugongana hata siku moja.

Kasoro nyingine ilikuwa ngumu kuigundua. Wakati mwingine sauti ilimegeka. Kipande kidogo kilidondoka njiani, na vilivyobaki vikaungana kana kwamba hakuna kilichopotea. Msikilizaji hakusikia pengo lolote. Alisikia sentensi nzima, ila haikuwa ile iliyosemwa.

Jumatano ile walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa mtu wa makamo aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, mwingine baba yake mdogo kutoka Kisesa. Mama wa mwalimu alikuwa amefariki alfajiri. Kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa ameishi Ulaya kwa miaka mingi, alijua kwamba mama anaumwa, basi. Baba mdogo ndiye aliyenieleza hali yao. Umeme ulikuwa wa mgao na chumba cha maiti hakikuwa cha kutegemewa. Nyumbani watu walikuwa wameshajaa, na wamepanga kuzika Ijumaa. Lakini katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini. Akisema anakuja, watatafuta kila njia wamsubiri. Hilo ndilo walilokuja kumuuliza.

Niliwaelekeza: sema, nyamaza, ngoja jibu lifike. Sikuwaambia waseme ova. Nani anamwambia mfiwa aseme ova?

Kompyuta ilikuwa mezani kwangu, kwa hiyo kibanda hakikuwa na kazi tena na sote tulisikia. Mwalimu aliinama kwenye kipaza sauti.

"Shikamoo kaka."

Kimya. Labda alidhani haikufika, labda hakuweza kukivumilia kimya kile. Akaendelea: "Kaka, mama ametutoka."

Ndipo spika zikajibu, kwa sauti changamfu ya mtu aliyefurahi kupigiwa simu: "Marahaba, marahaba, mdogo wangu!"

Baba mdogo alifunika uso kwa kofia yake. Muda kidogo ukapita, tukasikia mguno, kisha pumzi. Mkubwa akauliza ni lini, mdogo akajibu. Akauliza mama alikuwa na nani, mdogo akajibu. Baada ya hapo walianza kwenda pamoja, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi, nami nikatulia. Mdogo akaeleza habari ya Ijumaa. Akasema anajua tiketi ni shida, na kazi za huko haziachwi hivihivi. Kisha akauliza, "Tusikusubiri, kaka?"

Kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote.

"Ndiyo," mkubwa alisema. "Nita..."

Laini ikakatika.

Nilipiga tena. Modemu ya kompyuta ililia, ikakwama katikati, nikaanza upya. Nilijaribu mchana kutwa. Baadaye mkubwa alisimulia kwamba naye mchana huo alikuwa akiipiga namba ya duka letu, na kila alipopiga aliambiwa inatumika. Aliyekuwa anaitumia ni mimi, nikimtafuta yeye.

Baba mdogo ndiye aliyeinuka kwanza. "Acha, binti," alisema. "Tumemuuliza tusimsubiri, amesema ndiyo. Ndiyo ni ndiyo." Kwa Kiswahili chetu hakukosea. Ukiuliza kwa kukanusha ukajibiwa ndiyo, maana yake ni kama ulivyosema. Wakaaga, wakaenda kuchimba kaburi.

Jumatatu walirudi, safari hii watatu. Mkubwa alikuwa mrefu kuliko nilivyomdhania, na suti ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Hakupandisha sauti. Alitaka kujua kama mimi ndiye niliyepiga simu ile, na kama nakumbuka aliulizwa nini. Nikamwambia: aliulizwa, tusikusubiri.

"Mimi nilisikia tukusubiri," alisema. "Nikasema ndiyo, nitapata ndege Jumamosi. Mtu anaulizwa asisubiriwe kumzika mama yake, halafu anaitika tu ndiyo?"

"Watu wa Ulaya huwa wanaitika," mdogo wake alisema.

Baba mdogo aliwanyamazisha, akanigeukia. Aliomba niseme, bila kumwogopa mtu, neno lililofika kule lilikuwa lipi. Nilimjibu kwamba silijui. Nilikuwa nimesikia kila kilichosemwa upande wetu na kila kilichorudi. Kilichofika upande wa pili alikisikia mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anabishiwa. Baba mdogo alinitazama kama shahidi aliyenunuliwa.

Mama, mwenye duka, alikuwa akisikiliza kutoka kaunta ya fotokopi. Akasema tujaribu. Tulimpigia dada yake aliyeolewa Uingereza, akaombwa arudie kila atakachosikia bila kuuliza sababu. Nikainama kwenye kipaza sauti nikasema, taratibu, "Tusikusubiri."

"Umesema mnisubiri," dada yake alijibu. "Mnanisubiri wapi?"

Mkubwa alimtazama mdogo wake. Nikasema tena neno lilelile, kwa sauti ileile.

"Sasa unasema msinisubiri. Kwani nyie mna nini leo?"

Nikarudia mara nyingine. Ile "si" ilifika, ikapotea, ikafika. Mwishoni dada yake alianza kucheka na Mama akaniashiria nikate.

Nilitegemea jaribio lile limalize ubishi. Mkubwa alisema mmeona, silabi inaweza kudondoka. Mdogo akasema mmeona, inaweza kufika. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kisha mkubwa akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu uwanja wa ndege. "Haya, tuseme ilidondoka. Sina ugomvi na mashine. Nakuuliza wewe. Kwa nini uliuliza hivyo? Kwa nini hukusema, kaka, tukusubiri?"

Mdogo alimjibu kaka yake. Alisema alitaka kumrahisishia. Mtu akiulizwa tukusubiri, na hana nauli wala ruhusa, itabidi atamke hapana kwa kinywa chake, juu ya mama yake mzazi. "Nilitaka ikikushinda useme ndiyo tu," alisema. "Nisikulazimishe kukataa."

"Au ulitaka nisije."

Mteja aliyeleta karatasi za faksi alisimama mlangoni, akazitazama nyuso zetu, akarudi nje. Mama aliwakaribisha chai, wakashukuru bila kukaa. Mimi nilitamani kumwambia mkubwa kwamba ndivyo watu wanavyowauliza ndugu zao wa nje. Nilikuwa nawasikia kila siku: hutakuja Krismasi, eeh? Usihangaike kutuma kitu, eeh? Huuliza hivyo kwa kumstahi mtu. Lakini najua pia kwamba asiyetaka mgeni huuliza hivyohivyo. Kwa kusikiliza tu, mtu hawezi kuwatofautisha wawili hao.

Mkubwa aliondoka wiki hiyohiyo. Dukani kazi iliendelea, maana bei ilikuwa nzuri na hakuna mteja aliyeacha kuja. Kwa muda nilijaribu kuwashauri watu waulize maswali yasiyo na "si" ndani yake. Waliniitikia kwa adabu, wakainama kwenye kipaza sauti, wakauliza walivyozoea.

Baadaye sana nilikuwa nakwenda Magu, nikateremka Kisesa kumsalimu baba mdogo. Alinipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa bado la udongo. Pembeni yalipangwa matofali ya kulijengea, majani yameota katikati yake, na mfuko wa saruji ulikuwa umeganda ukawa jiwe. Alisema tofali la kwanza ni la mtoto wa kwanza, kwa hiyo wanamsubiri. Nikamuuliza kama mwenyewe anajua kwamba anasubiriwa. Alisema kazi ya kumwambia alipewa mwalimu, mdogo wake, tangu mvua za mwaka uliopita, na kwamba yeye hajamuuliza kama alishampigia.