Bunduki Azaiba, Bolti Sidab

Nilikwenda Maskati kwa harusi, lakini ukweli usemwe, nilikwenda na shari yangu. Mjukuu wa Ami Seif anaoa, Ami Seif kanitumia tikiti, na mimi nikajiapiza kwamba sirudi Unguja mpaka nimemwona yeye na Ami Hilal wanakula sinia moja. Hao ni wadogo wa marehemu baba yangu, wazee wa miaka sabini na kitu, ndugu wa tumbo moja, na mwaka wa tisa huu walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kipande cha chuma.

Chuma chenyewe ni bolti ya bunduki, ile sehemu yenye mkono inayosukuma risasi ndani na kuifunga. Babu yangu alikuwa na bunduki kongwe ya Kihungari aliyoipenda mno, na alikuwa na ada yake: bunduki ikae nyumba hii, bolti ikae nyumba ile, ili mtu akipandwa na hasira asivikute vyote viwili pamoja. Alipofariki, wanawe wakaifuata ada hiyo. Bunduki ikawa kwa Ami Seif, Azaiba, na bolti ikawa kwa Ami Hilal, Sidab, mitaa miwili ya Maskati. Miaka tisa nyuma Ami Seif alipomwoza mwanawe, Ami Hilal alikuja na bolti mfukoni ili bunduki ya mzee ibebwe nzima mbele ya wageni. Ami Seif akaitia, haikuingia. Akajaribu tena, wapi! Wanaume wote wanatazama. Ndipo akasema kwa sauti, "Umeniletea bolti ya nani, Hilal? Ya baba umeiuza?" Ami Hilal aliondoka kabla ya chakula.

Jumatatu asubuhi, uwanja wa ndege wa Unguja. Mimi ni fundi wa vyerehani, duka letu liko Darajani, na nilimwachia ufunguo mwenzangu Mwanajuma. Tuliagana kwa midomo mirefu, maana siku mbili kabla nilimfokea mbele ya wateja kwamba kaipoteza bisibisi yangu ndogo, ile ya ncha nyembamba. Basi mkoba wangu ukapita kwenye mashine, askari akautia mkono, akaitoa bisibisi. Ilikuwa imejificha kwenye bitana. "Mama, hii itie kwenye sanduku la chini," akaniambia kwa adabu. Nikaitia. Nikasema Mwanajuma nitampigia nikifika. Nilifika, na sikumpigia.

Azaiba, jioni ile ile. Ami Seif alinipokea mlangoni na kanzu nyeupe pe na kofia ya nakshi, akaniuliza khabari za kila mtu mpaka paka wa jirani. Baada ya kahawa akasema, "Haya njoo, Zuwena, nikuoneshe wanangu." Wanawe ni bunduki. Ana chumba kizima uani, zimepangwa ukutani, kila moja na kibali chake, na meza yenye kioo cha kukuzia na kichupa cha mafuta. Nilidhani nitachoka baada ya dakika tano. Kumbe yule mzee akianza kusimulia, unakaa mwenyewe.

"Tazama hapa," akanipa kioo. Juu ya chuma cha bunduki ya babu palikuwa na maandishi madogo: Budapest, M.95. "Zama hizo Austria na Hungaria dola moja, mfalme mmoja. Bunduki ni hii hii, lakini ikifanywa pande mbili, Austria na Budapest. Wengi wanazitaka za Austria. Mie nnazitaka za Budapest."

"Na Oman imefikaje, ami?"

"Kwa hakika sijui, na anayekwambia anajua, muongo. Lakini baada ya vita vikuu vya kwanza Mtaliano alichukua nyingi sana, akazipeleka kwenye makoloni yake, Pembe ya Afrika. Kutoka kule kuja huku si mbali. Babu yako aliinunua kwa mtu wa Yemen."

Akanionesha nyingine fupi yenye herufi H kwenye mtutu. Hiyo, alisema, Wahungari waliibadilisha miaka ya thelathini ili itumie risasi mpya ya ncha kali. Akanionesha na nyingine waliyoibuni wenyewe baadaye, ambayo mkono wa bolti hugeuzwa kama kitasa. Zile za zamani hazigeuzwi. Unavuta moja kwa moja nyuma, unasukuma moja kwa moja mbele, na kichwa cha bolti kinajizungusha chenyewe kule ndani. Nilipenda, wallahi. Aliyeifikiria alikuwa fundi.

Jumanne asubuhi nilimkuta anasafisha ile fupi yenye H. Alikuwa ameitoa bolti, kaipangusa, anairudisha. Kabla ya kuirudisha, vidole vyake vilikishika kile kichwa vikakivuta nje, kama unavyomngoja kobe atoe kichwa halafu ukishike. Ikaingia kwa sauti moja tamu. Jicho la fundi halipitwi na kitu kama kile.

"Ami, hicho ulichokivuta ni nini?"

"Kichwa. Bolti ikiwa nje, kichwa hurudi ndani. Kikirudi, haingii hata uipige nyundo. Lazima ukivute kwanza." Alilisema kama mtu anayesema chai inataka sukari, kisha akasikia alichosema. Mkono ukasimama.

"Na siku ile ya harusi?" nikamuuliza.

Akaishusha bunduki mezani.

"Umejua lini, ami?"

"Nliponunua hii. Mwaka wa pili."

"Yaani miaka saba unajua kama Ami Hilal hana kosa?"

"Nnajua."

Hapo nilipandwa. Nilimwambia astaghfirullah, mtu mzima, hajji, unamwacha ndugu yako na jina la mwizi kwa miaka saba! Bolti haina namba, haina alama, angejitetea kwa nini? Nilisema mengi ambayo mtoto wa kaka hapaswi kumwambia ami yake. Yeye alikaa tu ameinama.

"Ningeanzaje, Zuwena?" akasema. "Mwanzo nliona haya. Khalafu nkaona haya kwa kuwa nmechelewa. Khalafu nkawa nnanunua bunduki."

Nilikuwa na jawabu kali sana tayari mdomoni. Nikaikumbuka bisibisi iliyo ndani ya sanduku langu, nikafunga mdomo. Nilichosema ni hiki: "Kesho tunakwenda Sidab. Mie nitakaa nyuma, wewe endesha."

Jumatano, saa nne asubuhi, tulishika barabara kuu, tukapita Matrah, tukapanda na kushuka vilima vile vya mawe makavu mpaka Sidab. Ami Seif aliendesha polepole hata malori yakatupita. Nyumba ya Ami Hilal iko karibu na bandari ya mashua. Alifungua mwenyewe. "Karibu, Zuwena," akasema, na macho yake yakapita juu ya bega la ndugu yake. Tukaingia, kahawa ikaletwa na halua, na hakuna aliyegusa.

"Hilal," akaanza Ami Seif. "Bolti ni ya baba. Ilikuwa ni ya baba tangu siku ile. Mikono yangu ndo haikujua kuitia."

Akaeleza yote, na ile miaka saba akaisema pia, hakuificha. Namshukuru kwa hilo. Ami Hilal aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake palikuwa na kipande cha kanga, na ndani ya kanga bolti, imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu.

"Unajua mimi nimefanya nini miaka hii?" akasema. "Nimetafuta. Kabati la mama nimelivua misumari. Nimekwenda kwa majirani wa zamani kuuliza. Nikasema labda kweli imebadilishwa mikononi mwangu na mimi sijui, labda amana ya baba nimeipoteza. Na kila mwezi nnaipaka mafuta, isije ikawa ndo yenyewe. Na wewe unajua, Seif! Umekaa kwako, unajua!"

Alilia, na mimi nikalia. Ami Seif akasogea ambusu kichwani, Ami Hilal akamsukuma.

"Si hapa. Hapa tuko watatu. Ulinichafua mbele ya watu, basi unisafishe mbele ya watu. Ijumaa ntakuja harusini. Usiposema, ntarudi kwangu, na jeneza langu usilibebe."

Alkhamisi Ami Seif alikula nusu sahani.

Ijumaa, Ansab, penye harusi, baada ya alasiri. Wanaume walipanga mistari kwenye uwanja mbele ya nyumba, ngoma inapigwa, panga na bunduki mabegani. Risasi hakuna, zinabebwa kwa heshima tu. Sisi wanawake tulitazama kutoka barazani. Ami Hilal alisimama mwisho kabisa, karibu na magari, kama mtu ambaye hajaamua kama amefika. Ami Seif alitoka katikati na bunduki ya babu, akanyanyua mkono, ngoma ikanyamaza. Nilishika ukingo wa baraza kwa nguvu.

"Wengi wenu mlikuwapo miaka tisa nyuma," akasema. "Nilimwambia ndugu yangu kaiuza bolti ya baba. Niliongopa. Sikujua kuitia, na nilipojua nikanyamaza. Hilal ni mtu wa amana. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe, ndugu yangu."

Ami Hilal alikuja polepole, watu wakimpisha. Akatoa bolti kifuani. Ami Seif akamwonesha kwa kidole, na Ami Hilal akakivuta kile kichwa mwenyewe, akaitia mwenyewe, akaifunga. Ile sauti niliisikia kutoka barazani. Wanawake tukapiga vigelegele hata bwana harusi akacheka, na wazee wale wakakumbatiana, bunduki katikati yao.

Walikula sinia moja. Nilihakikisha kwa macho yangu.

Baada ya chakula, Ami Seif aliitoa bolti, akaikunja ndani ya kile kipande cha kanga, akampa ndugu yake. "Ada ni ada," akasema. "Nkiitaka, ntakuja Sidab."

"Njoo hata kama huitaki," akajibu Ami Hilal.

Jumapili nilitua Unguja. Sikupitia nyumbani, nilikwenda na sanduku langu moja kwa moja Darajani. Dukani palikuwa na wateja watatu, na Mwanajuma ameinamia cherehani. Moyo ulisema ngoja watoke. Nikalifungua sanduku pale pale chini, mbele yao, nikatoa kopo la halua, nikaweka bisibisi juu yake.