Perege wa Mama Walivyovuka Bahari

Watu wa mjini hupenda kuniambia kwamba Mdachi, yaani Mjerumani, alituletea elimu. Alileta, sikatai. Mimi nilimpikia mmoja wa wenye elimu hiyo, daktari aliyekaa Morogoro akichunguza magonjwa ya wanyama, na mpaka leo nikimkumbuka nafura kwa hasira.

Mama yangu alikuwa na kidimbwi mtoni, upande wa Kingolwira. Hakukinunua. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na hata mahali pa kuvulia palijulikana ni pa wanawake gani. Kiangazi maji yakipungua, mama na dada zake waliingia na vikapu, matope mpaka kiunoni, wakatoka na perege. Wengine tuliwala, wengine walikaushwa kwa moshi wakapandishwa mlimani kubadilishwa na maharage. Mama alikuwa mjane. Kidimbwi kile ndicho kilichomlisha na kumvika.

Kisha likaja shamba la mkonge. Wakachakata majani, na maji machafu yote wakayamwaga mtoni. Perege wakaanza kuelea juu wakitweta, matamvua yamevimba. Mama alinijia jikoni na watatu ndani ya jani la mgomba.

"Mwanangu, mwonyeshe bwana wako. Si anatibu wanyama?"

Daktari alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Akawapasua, akawachora, akaandika, akapeleka yote Ulaya kwenye jarida la wataalamu wa magonjwa ya samaki. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba jarida ni baraza: huyu husema alichokiona, wa mbali humjibu, na hivyo elimu hukua. Nilimwamini. Nikamwambia mama astahimili, wakubwa wamekaa baraza kwa ajili ya samaki wake.

Mama akastahimili. Jarida likaja likiwa na picha ya perege wake, na baadaye likaja lingine lenye jibu. Sitadanganya, lilikuwa jibu la kweli. Mtaalamu mmoja wa huko alikuwa ameona samaki wa kwao wakifa vivyo hivyo karibu na viwanda. Aliandika kwamba huo si ugonjwa wa kuambukiza, ni maji tu; uchafu ukielekezwa shimoni badala ya mtoni, samaki watapona. Daktari alinisomea huku uso umemng'aa.

"Sasa Bwana utamwambia mwenye shamba?" nikauliza.

Akanikodolea macho. "Imekwisha kuchapwa. Kila mtu anaweza kusoma."

Kila mtu! Mwenye shamba alikuja kunywa bia barazani kwa daktari kila Jumapili, na mimi ndiye niliyemmiminia. Walizungumza mvua, walizungumza uvivu wa vibarua. Perege hawakutajwa hata siku moja.

Nilipomweleza mama, alisema basi atakwenda mwenyewe. Mnyapara wa shamba alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu. Mtu mwingine akimsogelea kwa maneno angekula kiboko, lakini mtani husema lolote na hakasirikiwi. Mama na dada zake wakajitwika kikapu cha samaki waliooza, wakammwagia miguuni mbele ya vibarua wake.

"Mtani, kula ulichopika!" mama akamwambia.

"Ahsanteni, watani," akajibu mnyapara. "Na ndimu iko wapi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mnyapara akacheka kuliko wote, akawapa tumbaku, wakarudi nyumbani. Hapo ndipo tulipojikwaa. Utani ulimkinga mama na kiboko, lakini nani amewahi kulichukua neno la mtani akalipeleka kwa mkubwa wake kama shitaka? Lilisemwa kwa kicheko, likaishia kwenye kicheko.

Simlaumu mnyapara sana. Ninayemlaumu ni yule aliyejua, aliyekuwa na dawa mkononi imeandikwa kwa lugha ya mwenye shamba mwenyewe. Picha ya perege ilikwenda Ulaya ikarudi, na maneno machache ya kuwaponya yakashindwa kuvuka meza ya bia. Elimu gani hiyo?

Kiangazi kilichofuata kidimbwi kilinuka tu, hakikuwa na kitu. Mama akaenda kuomba kazi kwa mtani wake. Akapewa kazi ya kuosha nyuzi za mkonge mtoni, amesimama ndani ya kidimbwi chake mwenyewe.