Lugha Isiyo na Mwenyeji

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyopokea shahada yangu: siku niliyomwonea wivu rafiki yangu kwa sababu ya neno moja.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kila likizo nilikuwa nikibuni lugha. Usicheke. Hapa Rumonge, Burundi, mtu akifungua kinywa tu, hujulikana kama alibaki nchini au alirejea kutoka ukimbizini Tanzania. Mimi nilitaka lugha ya watu wote, ambayo kila mtu angekuwa mgeni ndani yake, asiwepo mwenyeji. Niliitungia sarufi isiyo na vighairi na herufi za mistari minyoofu mitupu.

Wanafunzi wangu walikuwa wawili: Issa, rafiki yangu wa utotoni, na Jeanine, mchumba wangu, aliyezaliwa ukimbizini na kuletwa Kizuka, jirani na hapa, akiwa msichana mkubwa.

Siku hiyo niliwakuta penye kinu cha mawese cha baba yake Jeanine. Walikuwa wakiandika kwa makaa juu ya bidoni za njano za kutilia mafuta, na herufi zangu walikuwa wamezipinda, maana makaa hukatika kwenye pembe. Hilo ningelivumilia. Lakini walikuwa wakizungumza upesi kuliko mimi mwenyewe, wakicheka, na katikati ya kicheko nikasikia neno nisilolijua: *seyalo*. Wivu ni moshi, mwanangu. Ukiufungia ndani ya nyumba, wewe ndiwe wa kwanza kukohoa.

“Iko neno gani hiyo?” nikauliza.

“Tumelitunga jana,” akasema Jeanine.

“Mimi sikulitunga. Lifuteni.”

Issa akacheka. “Profeseri, sasa hata maneno unayawekea barieri ya polisi, kama gari iko inatoka Minago?”

Jeanine hakucheka. Alilifuta kwa kiganja, polepole, kisha akaenda kuchochea moto.

Baba yake, Mzee Barnaba, aliyekuwa akichuja mafuta, akaniita kando.

“Unajua maana yake? Ni kurudi nyumbani usikozaliwa. Binti yangu alilitafuta kwa Kirundi, kwa Kiswahili, hata kwa Kifaransa, akalikosa. Amelipata kwako, nawe unamfukuza. Si ulisema lugha hii haina mwenyeji? Mbona basi umesimama mlangoni?”

Ilinipasa kuomba radhi palepale. Lakini wivu ulinizuia. Niliwaaga kwa sarufi safi, nikaondoka. Tangu hapo, kila nilipowakaribia, walihamia Kiswahili. Haukupita muda Jeanine akavunja uchumba wetu. Issa hakumwoa, ingawa hilo ndilo nililokuwa nikihofia. Jeanine aliolewa na mwalimu wa Minago. Hakuniacha kwa ajili ya mwanamume. Aliniacha kwa ajili ya neno lile.

Juzi nilimwona sokoni akimwita binti yake kwa lugha yetu, na binti akamjibu kwa ufasaha. Nilielewa nusu tu. Nilifurahi, naam, lakini sitakuficha: nilimwonea wivu hata mtoto yule.

Basi, mwanangu, ukijenga kitu kwa ajili ya watu, ondoka mlangoni. Waache waingie na vyombo vyao, wapinde ulichonyoosha, waongeze usichokifikiria. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimfukuza mgeni aliyekuja kuniponya.

Mungu akujalie kazi itakayoishi kukupita, na moyo wa kuifurahia ikiwa mikononi mwa wengine. Amahoro, amani iwe nawe.