Siku Walipotaka Jina Moja

Dada yangu alizaliwa na moyo mbovu. Alipasuliwa mara mbili utotoni, na alipofika miaka ishirini na nane madaktari wa hapa Minneapolis wakasema huu hautengenezeki tena, anahitaji wa mtu mwingine. Lakini moyo hupewi hivi hivi. Kuna jopo linakaa, linaamua uingie kwenye foleni au urudi nyumbani.

Mimi shule niliacha. Nilikuwa naosha vyombo hotelini Bloomington, ila mambo ya moyo niliyasoma mwenyewe maktaba, kamusi pembeni. Nilijua watauliza nini. Makovu ya zamani kifuani. Damu aliyoongezewa alipopasuliwa, ambayo imeuzoesha mwili wake kukataa vya watu. Presha ya mapafu. Vyote wakapima, wakasema ni vigumu ila inawezekana. Nikajua tumeshapita.

Kumbe bado mama wa ustawi wa jamii wa hospitali, naye jopo humsikiliza.

Siku ya kumwona tulijazana magari matatu, sisi na watu wa kanisani. Ndivyo tulivyo, mgonjwa wetu haendi hospitali peke yake. Mama mmoja wa kanisa letu la mjini Saint Paul alibeba chapati na chupa ya chai. Mama wa ustawi akaona viti havitoshi, akauliza:

"Baada ya upasuaji, nani atakaa naye miezi ya mwanzo? Dawa, kliniki, kila kitu?"

"Sisi sote," akajibu mama wa chapati.

"Nahitaji jina moja."

"Moja la nini, mwanangu? Huyu ana watu. Si yatima."

Watu wakacheka. Mama wa ustawi hakucheka, aliandika tu. Akamgeukia dada. Dada akatazama sakafu. Angemtaja nani? Ukimtaja mmoja umewaambia waliobaki wamekuja bure.

"Wote," akasema.

Kalamu ikaandika tena. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilikuwa nimesoma: asiye na mwangalizi anakataliwa.

"Niandike mimi!" nikasema. "Hawa wana kazi, wana watoto, leo wapo kesho hawapo. Niandike mimi peke yangu."

"Wee mtoto, nani hayupo?" mama wa chapati akaniuliza kwa Kiswahili. "Nani alimleta dada yako hapa na theluji ile, wewe uko na masufuria yako?"

"Mama, nyamaza!"

Akazifunika chapati zake, hakuna aliyekula.

Mama wa ustawi akaandika jina langu, na jopo likakubali. Walipopiga simu nilikuwa namenya viazi. Nikasema sawa, asante, nikaendelea kumenya. Sikusikia furaha wala nini. Dada akapewa peja ya kuvaa kiunoni, ikilia ujue moyo umepatikana. Mimi nikaacha kazi.

Watu nao wakaacha kuja. Hawakugombana na mtu. Wanapiga simu, wanauliza hali, wanamalizia, "Haya, si uko wewe." Nilikuwa najibu, ndiyo, niko mimi. Na ingekuwa leo ningesema vilevile.

"Umenifukuzia watu," dada akaniambia Jumapili moja, macho kwenye televisheni.

"Nimekuingiza kwenye foleni."

"Najua."

Nikampa vidonge na maji. Akameza kimoja kimoja, akanirudishia glasi, nikaenda kuiosha.