Asafishe Zote

Philomena, ambaye hapa Mwakitolyo tunamwita Mama Jilala, ndiye aliyetupiga picha sisi sote. Najua siku hizi kila mtu ana simu ya kupigia picha, msinifundishe. Lakini simu ya mchimbaji haimalizi mwaka. Inatumbukia duarani, shimo tunalochimbia dhahabu, inaibiwa, au inauzwa mambo yakibana. Mtu akitaka picha ya kutundika ukutani kwao, mama yake kijijini aitazame na kujua mwanawe bado ana miguu miwili, alikuwa anamfuata Philomena na kakamera kake ka rangi ya fedha. Mimi nauza wali na maharage hatua chache kutoka alipokuwa akifunga kitambaa chake cha nyuma. Ninayoyasema niliyaona, na ambayo sikuyaona niliambiwa na wenyewe.

Kitambaa kile kilichorwa maporomoko ya maji, maji mengi ambayo huku kwetu hatuyajui. Upepo wa hapa hauna adabu, basi mwanawe Jilala akitoka shimoni alikuwa anakuja kukishika pembeni kisipeperuke. Kila picha ikawa na vidole vyake ukingoni. Wateja wakawa wanalalamika. "Mama Jilala, hivi vidole vya nani tena kwenye picha yangu?" Philomena akawa anapeleka kadi ya kamera Shinyanga mjini, kwa Harish mwenye studio, anamwambia asafishe picha na akate pembeni. Harish ana kile kisu kirefu cha kukatia karatasi. Anakata, vidole vinadondokea kwenye ndoo ya taka, mteja anaridhika.

Kusafisha picha, kwa sisi tuliokua enzi za mkanda, ni kuitoa kwenye karatasi. Ulipeleka mkanda, ukasafishwa, ukapewa picha zako kwenye bahasha. Mkanda ulishakufa zamani, lakini Philomena na Harish waliendelea kusema hivyo hivyo na hawakuwahi kupishana.

Jilala alikuwa mtoto wake wa pekee, na hakupenda kupigwa picha hata kidogo. Zile za utotoni zililiwa na mchwa kule Songwa alikozaliwa. Alipokuwa mkubwa alisema kazi yake ni kushika kitambaa, basi. Mpaka kiangazi kilichopita alipopata mchumba, binti anaitwa Mariana, na wazee wa binti wakasema wanataka kumwona mkwe hata kwa picha. Hapo akakubali. Alikuja na shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Kwa kuwa mshika kitambaa ndiye aliyesimama mbele, kitambaa nilikishika mimi.

Mama yake akabonyeza, akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Nimeiona picha ile, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kijana alikuwa anajizuia kucheka na ameshindwa, shavu moja limepanda kuliko jingine.

"Mayu, nimetoka kama mwalimu," alisema.

"Umetoka kama baba yako," mama yake akamjibu.

Tukiwa bado tunacheka, kikaja kimbunga cha vumbi, hivi vinavyozunguka kiangazi bila kumwomba mtu ruhusa. Kikang'oa kitambaa mikononi mwangu, kikaangusha stendi na kamera juu yake. Kamera ikaangukia rundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na karasha na kuoshwa, laini kama unga wa sembe. Philomena aliipangusa kwa ncha ya khanga, akaiwasha. Ikalia krrr, ikatoa lenzi nusu, ikagoma.

Angeiacha hivyo hivyo ingekuwa nafuu. Lakini hapa kila mtu ni fundi. Wachimbaji wa duara la jirani wakasema dawa ya mchanga ni kompresa, ile mashine ya kupelekea wenzao hewa chini. Wakaipuliza kwa mpira. Mchanga uliokuwa mlangoni ukaingia sebuleni. Kioo kikazima, na kile kifuniko cha memori kadi kikabana kabisa, hata kucha haikupita. Philomena aliogopa kukilazimisha asije akaivunja kadi.

"Usihangaike, Mayu," Jilala alimwambia. "Nikitoka nitakufungulia."

Alivua shati jeupe, akalikunja, akampa mama yake, akaenda zamu.

Hakutoka. Duara lilibomoka mchana, maji yakaingia, na baada ya kuchimba na kuchimba wakubwa wakasema basi, wasije wakafa na wanaotafuta. Mwili upo huko chini hadi leo. Kadi yake ya kura, yenye sura yake, ilikuwa kwenye suruali aliyoivaa. Simu yake pia, tena ya tochi tu.

Kwa hiyo tulikaa matanga yasiyo na kaburi. Sijawahi kuona jambo gumu kama hilo. Watu wanaingia, wanalia, wanatafuta pa kuelekeza macho. Katekista alikubali kuja kuongoza sala, na Philomena akasema jambo moja tu, kwamba siku hiyo picha ya mwanawe iwe mbele ya watu. "Kama sina mwili, nitaliaje mbele ya ukuta?" aliniuliza. Fremu ilishanunuliwa. Ilikuwa imesimama juu ya meza, ndani yake kadibodi tupu.

Mama aliyefiwa hatoki msibani, basi akamtuma shemeji yake, Maganga, mdogo wa marehemu mumewe. Maganga ni mtu mwema, nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye nilitamani kumpiga. Amezeeka kwenye mwalo, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, na maisha yake yote kusafisha ni kuondoa mchanga.

Philomena alimfungia kamera kwenye kitambaa safi. "Shemeji, mpe Harish mkononi. Mwambie asafishe zote, asiache hata moja. Anajua."

Nilikuwa nimekaa pale pale. Niliyasikia maneno yale na sikuona tatizo lolote.

Harish hakuwepo. Alikuwa Mwanza kwenye harusi ya Bhumika, mpwa wake, na studio ilikuwa imefungwa. Maganga hakutaka kurudi mikono mitupu msibani, akaenda kwa fundi simu aliyekuwa na meza kando ya stendi ya mabasi. Fundi mwenyewe ni wa juzi juzi, kwake picha inaprintiwa. Neno kusafisha analijua kwa maana mbili, kuondoa uchafu na kufuta kilichojaa.

"Mwenyewe amesemaje?" aliuliza.

"Amesema usafishe yote, usiache hata chembe," Maganga akamjibu.

Huyo fundi alifanya kazi, nani atamlaumu. Aliifungua skrubu moja moja, akaipiga brashi, akaupangusa mchanga kwenye meno ya lenzi. Alipofika kwenye kadi akaiona imejaa. "Na kadi nayo niisafishe?"

"Nimekwambia yote, bwana. Mwenyewe amesisitiza."

Maganga alirudi jioni uso unang'aa. Sijui kama nitasahau alivyoingia uani. Aliiwasha kamera, lenzi ikatoka vizuri kabisa, watu wakasema aaah. Akatupiga picha palepale tuone inavyofanya kazi, waliokaa kwenye mkeka, wanawake jikoni, mimi na mwiko wangu. Alipiga nyingi. Philomena alisimama kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akapokea kamera kwa mikono miwili.

Akabonyeza kurudi nyuma. Akatuona sisi, akaona mkeka, akaona miguu ya Maganga stendi, picha ya fundi ya kujaribia. Akabonyeza tena, ikarudi kwetu.

"Shemeji, picha ziko wapi?"

"Zipi?"

"Alizosafisha."

"Si amesafisha zote," Maganga alisema, bado anatabasamu. "Hakuacha hata moja."

Philomena hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kigoda na kigoda hakipo. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwita Maganga majina ambayo msibani hayatajwi, na yeye alikuwa ananitazama tu haelewi amekosa nini. Alipoelewa aliketi mlangoni akafunika kichwa kwa koti.

Sala ilisaliwa mbele ya kadibodi.

Harish aliporudi nilimpelekea kadi mimi mwenyewe. Aliivuta kwenye kompyuta yake siku nzima. Mchanga, alisema, haukuwa umeigusa kadi hata kidogo, ilikuwa nzima ndani ya kamera mbovu. Hata baada ya kufutwa, kama asingepiga mtu picha nyingine juu yake, huenda angeokoa kitu. Alitoa harusi za watu, watoto wa watu, mbuzi wa mtu. Jilala alikuwa mahali ambapo sasa tuko sisi kwenye mkeka. Harish alilia kabla yangu, mzee wa watu. Kisha akatazama kile kisu chake cha kukatia karatasi, akakisukuma mbali.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kuna picha yangu moja haikukatwa. Philomena alinipiga nilipofungua kibanda, Harish akasahau kukata pembeni, na mimi sikujali. Ipo ukutani kwangu, na ukingoni mwake, juu ya maporomoko ya maji, kuna kidole gumba na vidole viwili vimekishika kitambaa. Niliikimbilia. Niliipangusa vumbi, nikaipeleka kwake imefunikwa na khanga kifuani.

"Mama Jilala," nilimwambia, "mwanao huyu hapa. Si uso, lakini ni yeye."

Aliipokea. Aliisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, akaweka kidole chake juu ya vile vidole. Nikadhani sasa atalia, na nilitaka alie, maana tangu ile jioni hakuwa amelia.

"Mama Lusia," alisema kwa upole, "kucha ya gumba la mwanangu ilipasuliwa na nyundo akiwa mdogo. Haikuota tena vizuri."

Niliangalia. Kucha ilikuwa nzima.

"Siku ulipofungua kibanda Jilala alikuwa machimbo ya Rwamgasa," alisema. "Aliyenishikia kitambaa ni shemeji."

Maganga alikuwa amekaa mlangoni pale pale, siku hizo hakuwa akitoka. Aliitazama picha, kisha akaitazama mikono yake, akaiingiza ndani ya koti.