Matatizo ya Kuota Meno

Nilikuwa mwalimu mgeni Goweko pampu ya sola ilipozinduliwa. Ilitoa maji wiki chache tu, ikanyamaza. Tukarudi kwenye lambo, tulikochangia maji na ng'ombe. Mhandisi aliyeifunga hakupokea simu. Siku aliyokuja, kabla hajafungua mdomo, vijana walikuwa wameshaweka magogo mbele na nyuma ya gari lake.

Tulikutana uwanja wa shule, jua la saa nane. Alikuwa kijana kutoka Dar, shati limemganda kwa jasho.

"Ndugu zangu, tusilaumiane," alisema. "Hizi ni teething problems tu. Kila mradi mpya unazipitia."

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. "Mwalimu, anasemaje?"

Ningeweza kulainisha, niseme changamoto za mwanzo. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimechuja matope kwa kanga nipate maji ya chai. Nikatafsiri neno kwa neno: "Anasema ni matatizo ya kuota meno."

Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, akainuka akiwa na mtoto mchanga mgongoni, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mhandisi.

"Hata huyu wananiambia ni meno," alisema, akifungua mbeleko. "Anaharisha tangu juzi. Mama mkwe anasema meno, jirani anasema meno. Na wewe umetoka mjini kuniambia meno?"

Mtoto hakulia. Utosi ulikuwa umebonyea, midomo imekauka.

"Hatoki mtu hapa mpaka maji yatoke!" sauti ikasikika kutoka nyuma. Vijana wakalizunguka gari. Nikaogopa kweli.

"Mzee," nikamwambia mwenyekiti, "gari ni hili moja. Huyu mtoto hafiki jioni."

Mhandisi alikuwa ameshafungua mlango. "Mama, panda."

Vijana hawakusogea. Mwenyekiti akainama, akalishika gogo la mbele yeye mwenyewe. Lilimshinda. Vijana wawili wakatoka kundini wakamsaidia.

Nilipanda nao. Kila tulipoingia shimoni mhandisi aliuliza, "Anapumua?" na mama alijibu, "Anapumua," huku akimlowesha mtoto midomo.

Kituo cha afya walihangaika kuupata mshipa, mwishowe dripu ikaingia. Mganga alisema hayakuwa meno, yalikuwa maji ya lambo. Jua lilipokuwa linashuka mtoto akalia, machozi yakatoka, na mama yake naye akaangua kilio.

Nilimkuta mhandisi nje, ameketi chini akiegemea tairi.

"Mota imeungua, mwalimu. Nilifunga ndogo kuliko inayotakiwa. Nilijua haitadumu."

"Shikilia maneno hayo hayo," nikamwambia. "Kawaambie wao."

Kesho yake alisimama tena uwanjani akawaambia, safari hii kwa Kiswahili kitupu. Walimzomea sana. Hakuingia garini mpaka kila aliyetaka kusema alipomaliza. Mota mpya ilifika kabla ya mvua za kwanza.