Pipa Jekundu na Chiriku wa Mama Mkwe

Ngoja niseme yote leo, maana aibu ukiificha sana inakuotea ndani kama uyoga. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa kusoma masomo ya jioni (miaka minne, kwa taa ya chemli na mbu wa kutosha kijiji kizima), niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba mashine ya kufyonza vumbi ukiiwasha kwenye nyumba iliyofungwa madirisha inamaliza vumbi, ikimaliza vumbi inageukia hewa, na hewa ikiisha waliomo ndani wanakauka kimyakimya kama dagaa wa Karema. Aliyeniambia ni Kulwa, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, naye aliambiwa na shemeji yake aliyewahi kufanya usafi hotelini Dar, kwamba kuna familia ilikutwa imelala sebuleni, zulia linang'aa, watu hawajitambui. Sikuuliza hata jina la mtaa. Nilijiambia tu, kitu kinachoweza kumeza mchanga, hewa ambayo haina hata uzito kitaiachia nini?

Sasa nyie mnaonifahamu mnajua kwamba mke wangu Konsolata ni mtu wa Katumba, na kwao mama mkwe anaitwa mabukwe, na mbele ya mabukwe mkwe mwanaume hata akipiga chafya anaomba radhi mara mbili. Mabukwe alihamia kwetu hapa Mpanda kwa sababu ya kifua, awe karibu na hospitali. Alikuja na begi la nguo, gunia la maharage, na tundu lenye chiriku wawili, jike na dume.

Wale ndege walikuwa wa marehemu mzee wake, baba yake Konsolata. Aliwaokota wakiwa uchi kama vidole, kwenye kiota kilichodondoka kutoka paa la bani la kukaushia tumbaku, akawalisha uji kwa ncha ya kijiti mpaka wakaota manyoya. Mzee alikuwa na desturi, akitoka shamba saa kumi jioni anapiga mluzi tangu njiani, na yule dume anamjibu. Mzee ameshatangulia, lakini dume hakuambiwa, ikifika saa kumi analia peke yake, na mabukwe, hata kama mkono uko kwenye unga, anasimama na kusema taratibu, "Karibu." Mara ya kwanza nilipomsikia nilitoka nje nikajifanya nakagua matofali.

Basi kliniki nesi akatuambia wazi. "Vumbi la manyoya linamuumiza bibi. Ama ndege watoke ndani, ama vumbi liondoke. Na msifagie kwa fagio kavu, linarusha vumbi juu halafu yeye analivuta. Futeni kwa kitambaa chenye maji."

Mabukwe akajifunga kitenge chake vizuri. "Wakitoka, na mimi natoka nao," akasema, na alipokuwa akisema alikuwa anatazama mlango.

Mnaona mambo yalipofika. Konsolata akaanza kufuta asubuhi na jioni, chini ya tundu, ukutani, mpaka miguu ya viti, na (hili ndilo linaloniuma) kikohozi kikaanza kupungua kweli. Kitambaa kilikuwa kinatosha. Ningekaa kimya leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini mimi ni msomi, bwana, nikasema kitambaa ni mambo ya zamani, nyumba yenye cheti ukutani haiwezi kushindwa na manyoya, nikaenda zangu kwenye duka moja la vyombo vilivyotumika, nyuma ya soko.

"Unataka ya kufyonzea nini, kaka?" muuzaji akauliza.

"Ndege."

Akanitazama vizuri. "Ndege hawa wa kuruka?"

"Wa kwenye tundu. Manyoya yao, maganda ya mtama, na lile vumbi kama unga."

Akanitolea kimashine kidogo cha kushika mkononi. Akaeleza kwa uvumilivu kwamba hiki ndicho, mdomo wake mwembamba unapita katikati ya nyaya, kelele yake ndogo ndege hawashtuki, na kina kichujio kinachozuia vumbi lisirudi chumbani kwa mgonjwa. Mimi nilikiangalia kama mgeni wa meza kuu harusini aliyeletewa kifaranga. Maana nyuma yake, nyie, lilikuwa limesimama pipa. Jekundu, lina magurudumu, mpira wake wa kufyonzea mnene kama paja la beki wa kati.

"Na lile?"

"Lile la mafundi seremala. Linakula mpaka misumari."

"Nipe hilo."

"Kaka, kwa ndege wawili?"

"Ni wawili," nikamwambia, "lakini wana manyoya mengi."

Nikalipakia kwenye bajaji, nikakaa nalo nyuma nimelishika bega kama bibi harusi, na nikamwambia dereva apite njia ndefu ili watu waone.

Jumamosi asubuhi jumuiya yetu ilikuwa inakuja kusali nyumbani kwa ajili ya mabukwe. Watu walianza kufika mapema, akina mama wa kwaya, wazee, majirani, nami nikaona hii ndiyo nafasi, nitasafisha mbele yao kabla ya sala, waingie kwenye sebule ambayo hata malaika angevua viatu. Nilipoishika ile swichi ndipo maneno ya Kulwa yakanijia. Familia nzima. Zulia linang'aa.

Mimi ni mtu wa tahadhari. Nikatangaza kwamba kila mtu atoke nje, hewa inaweza kuisha. Watu wakatazamana, lakini nilisema kwa sauti ya darasani, wakatoka. Mabukwe tukambeba na kiti chake mpaka chini ya mpera. Nikafungua madirisha yote, na yetu ni ya mbao, hayana wavu, ukifungua umefungua.

"Baba," Konsolata akaniita, "ndege wamo ndani."

"Ndiyo maana nafungua. Mapafu yao ni kama punje ya ulezi, hao watatangulia kuishiwa." Nikalichukua tundu mwenyewe, nikaliweka dirishani, wapate hewa ya kutosha.

Halafu nikajifunga kamba kiunoni. Ndiyo, kamba, ile ya mbuzi. Ncha ya pili nikampa jirani yangu Baba Shija, mtu aliyezoea kunasua mikokoteni ya ng'ombe kwenye tope la masika.

"Ukiona natikisika, vuta," nikamwambia.

"Kutikisika kwa namna gani?"

"Utajua tu."

Nikaingia. Ule mpira haukuingia kwenye mlango wa tundu, ulikuwa mnene mara tatu yake (kile kidogo kingepita huku kinaimba), kwa hiyo nikalegeza nyaya za juu nikainua paa la tundu kidogo, kidogo tu, upana wa kiganja, nikaelekeza mpira, nikawasha.

Lilinguruma kama lori la mahindi linapanda mlima na breki zimekufa. Jike aliruka kwanza, mbele ya pua yangu, akatoka. Dume akafuata. Nikatupa mikono kumdaka, mpira ukaniponyoka, ukageuka ukanidaka mimi, ukang'ang'ania shati kifuani, nikawa navuta nao unavuta, narukaruka sebuleni kama mtu aliyekalia siafu. Na nje Baba Shija, mtu mwaminifu kupita kiasi, akaona mlangoni kwamba natikisika.

Akavuta. Alivuta kama anatoa ng'ombe kisimani. Nilianguka kwa makalio, nikavuka kizingiti kinyumenyume, mkanda ukakatika hapo hapo kwenye kizingiti na suruali ikaamua kubaki magotini, na ule mpira bado uko kifuani, na pipa linanifuata kwa magurudumu yake likinguruma mpaka waya ulipochomoka ukutani. Nilisimama, yaani nilisimamishwa, mbele ya miguu ya mabukwe. Mama mmoja wa kwaya alijifunika uso kwa kitenge, ila jicho moja alilibakiza nje. Baba Shija akanimwagia ndoo ya maji.

"Pumua, jirani," akawa ananipigapiga mashavu. "Pumua, nimekuwahi."

"Kwa hiyo hewa imeisha kweli?" mzee mmoja akauliza nyuma.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitaka ardhi inimeze nikiwa na hiyo hiyo nguo ya ndani. Halafu nikaona kwamba mabukwe hacheki, wala hanitazami. Anatazama juu kwenye mpera. Dume alikuwa pale, kwenye tawi la chini, anageuza kichwa huku na huku.

Mabukwe akakusanya midomo akapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi, ule ulikuwa wa mzee. Ukatoka mwembamba, ndege akasogea kidogo kwenye tawi. Akajaribu tena na kifua kikamkatalia, kikohozi kikamjia, kirefu, mpaka Konsolata akamshika mabega, na kwa kile kikohozi ndege akashtuka, akapanda juu ya mabati, akapita paa la Baba Shija na paa linalofuata, akashika upande wa Magamba.

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Sala walisali. Mimi nilikuwa chumbani, nasikia wanaomba afya ya mgonjwa na, kwa mbali, busara kwa wenye nyumba. Jike alirudi siku ya pili, njaa imemshinda, akaingia mwenyewe jikoni akatua kwenye ungo wa mtama. Dume hakurudi. Nilimtafuta mpaka Magamba kwa miguu, natazama juu kwenye kila mwembe na kila bua la mahindi, wakulima wananisalimia nami najibu nikiwa nimeangalia mbinguni, wakadhani nimeokoka.

Jina jipya nilipata. Waendesha bodaboda wa kona yetu wakiniona wanaulizana, "Hewa amepita?" na mimi nacheka nao, nanunua na karanga. Hilo nimelizoea. Ambalo sijalizoea ni saa kumi jioni. Mabukwe hakunigombeza hata neno moja, nami ningelipa kwa mbuzi anigombeze. Ikifika saa kumi anasimamisha mikono juu ya maharage anayochambua, anangoja, halafu anaendelea kuchambua. Siku hizi ile saa huwa natafuta kazi ya mbali.

Nimeapa mambo mawili. Sitanunua tena kitu kwa kuangalia unene wake, na habari ikija bila jina la mtaa nitairudisha ilikotoka. Kulwa mwenyewe nilimuuliza, akasema labda haikuwa mashine ya vumbi, labda lilikuwa jiko la mkaa, hakumbuki vizuri.

Lile pipa Konsolata alilirudisha dukani akabadilishana na kile kimashine kidogo, muuzaji akampa na salamu aniletee. Sasa majuzi mvua ilinyesha ya kuingia mpaka sebuleni, Konsolata akafunga madirisha yote na mlango, halafu nikamsikia anawasha kimashine, anasafisha chini ya tundu, karibu kabisa na kiti cha mama yake. Mwili wangu ulinyanyuka kabla yangu. Nilikuwa nimeshashika komeo la dirisha.

"Mkwe wangu," mabukwe akasema. "Kaa."

"Mama, nafungua kidogo tu, kwa ajili ya kifua chako."

"Njoo hapa."

Nikaenda nikachuchumaa, kwa adabu zote. Mama huyu hajawahi kukaa kwenye dawati hata siku moja. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu nioe kwao, akaushusha mpaka karibu na miguu yake, nyuma ya kimashine kinapovuma. Kulikuwa na upepo, wa uvuguvugu, unapuliza vidole vyake na vyangu.

"Inaingia mbele, inatokea nyuma," akasema. "Hewa yote imo humu humu. Hukuwa na haja ya kufungua dirisha."